Majani ya kwetu hugeuka kiangazi, si vuli

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Kisumu. Binti yake anasoma Vermont, Marekani, na kila ikifika Oktoba humtumia picha za milima iliyogeuka nyekundu na manjano. Sasa binti anakuja nyumbani, na anaweza kuchagua wiki ya mwisho ya Oktoba au majuma mawili baada ya Mwaka Mpya. Mwalimu angependa kumwonyesha kwamba hata huku kuna rangi. Ana gari dogo la injini ya lita 1.3, gia otomatiki, siku mbili tu, na wazee wawili watakaokaa kiti cha nyuma. Anauliza: waende lini, wapite wapi, na kwa nini miti yetu haifanyi kama ya kule? Anaongeza kwamba mwaka jana aliwapeleka wanafunzi Nakuru mwezi Desemba kuona jakaranda, wakakuta miti ya kijani kitupu.

Mwalimu, nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalowapoteza wengi. Kamusi hutafsiri majira yale ya Vermont kuwa "vuli". Lakini vuli ya Mswahili ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo miti inavaa, haivui. Ukipanga safari kwa kufuata neno hilo utatoka Oktoba kutafuta majani mekundu, nawe utakuta kila kitu kinachipua. Mti wa kwetu huvua nguo kiangazi, kuanzia mwisho wa Desemba mpaka mvua kubwa zinapokaribia mwezi Machi. Kwa hiyo, binti akitaka majani, na aje Januari. Akitaka maua, hasa jakaranda, na aje Oktoba, lakini hapo safari yenu ni ya Nakuru. Kwa watu wanaotoka Kisumu na wana siku mbili, Januari ndiyo bora: barabara ni kavu, njia ni fupi, na kuna kitu cha kuona ambacho hata wenyeji wengi hawajakitazama sawasawa. Nitaieleza hiyo kwa kirefu, ya Oktoba nitaigusa baadaye.

Kuhusu sababu. Mti wa Vermont husoma urefu wa mchana. Mwezi Juni mchana wa kule hufika karibu saa 15 na nusu. Desemba hubaki kama saa 9. Mchana unapofupika na usiku unapopoa, mti huanza kuvunja klorofili, ile rangi ya kijani inayopika chakula kwa mwanga wa jua, na kuirudisha naitrojeni ya jani kwenye matawi na mizizi kabla baridi haijaliua. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwamo humo tangu mwanzo inajitokeza. Nyekundu haikuwamo. Ile hutengenezwa upya siku za mwisho za jani, kutokana na sukari iliyonaswa ndani yake, na huiva vizuri zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa baridi bila kugandisha. Ndiyo maana mwaka wenye mawingu mengi picha za binti yako zinaweza kupungua wekundu, ingawa miti ni ile ile.

Sasa angalia Kisumu. Mji uko chini ya kilomita 15 kutoka mstari wa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki dakika mbili. Mti hauna kalenda ya kusoma hapo. Kinachoupa habari ni maji ya ardhini. Udongo ukikauka, mti unaotaka kupumzika huacha majani, kila mmoja kwa wakati wake. Utakuta miti miwili ya aina moja kwenye shamba moja, mmoja uchi kabisa na mwingine umejaa, kwa sababu mmoja uko kwenye mwamba na mwenzake mizizi yake imefika kwenye unyevu wa mto. Kwa hiyo mwonye binti mapema: asitarajie mlima mzima kuwaka. Hapa rangi huja mti mmoja mmoja juu ya kijani, na macho yanapaswa kujifunza kuitafuta. Asiyejua miti ya kutafuta atapita kilomita 200 na kusema hakuna kitu.

Wa kwanza wa kutafuta ni ule Waluhya wanaouita musutsu na Wakalenjin tebeswet. Wataalamu huuita Croton macrostachyus. Huu ndio mti wetu ulio karibu zaidi na ile ya Vermont, kwa sababu jani lake likizeeka hugeuka rangi ya machungwa iliyoiva kabla ya kudondoka. Jani ni pana, umbo la moyo, na ukilichunguza pale kikonyo kinapokutana na bapa la jani utaona vitone viwili vidogo, kimoja kila upande. Hiyo ndiyo alama ya kuuthibitisha. Mara nyingi majani machache tu ya machungwa huning'inia katikati ya mengine ya kijani, lakini kiangazi kikikaza, sehemu kubwa ya mti hubadilika na chini yake panatandikwa zulia. Huota sana kando ya barabara, kwenye mipaka ya mashamba na pembezoni mwa misitu, yaani palepale unapopita na gari. Utomvu wake usiguse macho.

Wa pili ni murembe, orembe kwa Wajaluo, mwamba-ngoma kwa Kiswahili. Huu hauchezi na majani. Huyapukutisha, unabaki na matawi yenye gome nene la kupasukapasuka na miiba, kisha juu ya ncha za matawi hayo makavu yanasimama maua mekundu ya kuelekea machungwa kama vijinga vya moto. Kwa Waluhya ni mti wa heshima, haukatwi ovyo kuwa kuni. Ganda lake likipasuka hutoa mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Watoto huzipenda mno kwa shanga, na zina sumu. Ukiwa na mtoto garini, zihesabu.

Halafu kuna kifabakazi, ule mti ambao wengi huuita Nandi Flame kwa jina la milima mtakayoipanda. Wenyewe hauna msimu mmoja mkali. Huchanua kwa awamu, na karibu kila safari utaukuta mmoja au miwili imewaka. Ua lake hutazama juu kama kikombe, na machipukizi yake yamejaa maji. Minya chipukizi bichi kwenye ncha, maji yanaruka kama bomba la sindano. Wazee wenu watalijua hilo kabla ya kuelezwa. Mwacheni binti alijaribu.

Nyingine ni za kuongezea. Jamii ya mlama kwenye miteremko yenye mawe huwa na majani mekundu yaliyokauka nusu. Kama shuleni kwako pana mkungu, ule wenye matawi yaliyopangwa kama meza, majani yake makubwa hugeuka mekundu kabisa kabla ya kudondoka, na pengine ndio umekuwa ukifagiliwa kila siku bila kuangaliwa. Ua wa poinsetia mbele ya nyumba nyingi za Vihiga nao ni wa kutazama: kile chekundu si maua, ni majani. Maua yenyewe ni vitone vya manjano katikati.

Njia ninayokushauri ni duara la kama kilomita 220, na mwelekeo wake una maana. Pandeni kwa Chemelil, mshuke kwa Vihiga. Mwinuko wa Nandi kutoka Chemelil ni mkali; gari dogo lenye watu wazima wanne likiupanda litachoka, lakini likiushuka litatumia breki kuliko inavyofaa. Uchovu wa injini unaonekana na unaweza kusimama ukaupumzisha. Breki zilizochoka hazikupi nafasi hiyo.

Siku ya kwanza ondokeni Kisumu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likikaribia kuchomoza, mkitokea Mamboleo kuelekea Miwani na Chemelil. Kama kuna kazi za barabara upande huo, zungukeni Ahero na Awasi, kisha mkunje kushoto hadi Chemelil. Mtaongeza kilomita chache tu. Huku ni uwanda wa miwa, na Januari miwa ambayo haijavunwa huwa inaweza kuwa na mashuke ya rangi ya fedha yanayopokea jua la asubuhi vizuri sana. Shida ya kipande hiki ni trekta za miwa. Huvuta matrela mawili, mengi hayana taa za nyuma, na miwa hudondoka barabarani. Ukikuta muwa umelala kwenye lami usiuone kama jani. Mzima unaweza kupiga chini ya gari, na uliosagwa huteleza.

Chemelil iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Nandi Hills karibu mita 2,000. Mnapanda mita 800 ndani ya kama kilomita 30. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi, na hiyo ni kabla ya kuongeza uzito wa wazee na mizigo. Zima kiyoyozi mnapoanza mlima. Usikanyage mafuta mpaka chini. Toa gia kwenye D uiweke kwenye 2, au S kama gari lako lina S, ili isirukeruke kati ya gia mbili na kupasha moto mafuta ya gia.

Na hapa kuna jambo la magari madogo ya Kijapani ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Mengi hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu ikiwa injini ni baridi, na taa nyekundu ikiwa imezidi. Kati ya hizo mbili hakuna onyo. Nyekundu ikiwaka, ujue joto limeshapita mpaka. Zima kiyoyozi kama bado, fungua hita mpaka mwisho na feni kwa nguvu zote hata kama mtaloa jasho, kwa kuwa hita huchota joto kwenye maji ya injini, kisha tafuta pa kuegesha penye usawa na uzime. Usifunguefungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo humo yako kwenye shinikizo na yatakuunguza uso. Subiri angalau nusu saa, shika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, na kama bado ni mgumu endelea kusubiri. Haya yote unayaepuka kwa kuangalia kulanti, yaani maji ya kupozea injini, siku moja kabla, injini ikiwa baridi: kwenye chupa ya akiba iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imekuwa ikipungua kila wiki, safari hii si yako mpaka fundi aone inakovuja.

Kwenye mwinuko wenyewe simameni mara mbili au tatu, mahali penye upana wa kutoa gari lote nje ya lami. Uwanda wa Kano unatandazika chini yenu na, asubuhi ikiwa safi, ziwa linaonekana. Baada ya saa nne ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huanza kuufuta ule mwonekano, na hiyo ndiyo sababu ya kuondoka mapema. Miteremko hii yenye mawe na vichaka ndiyo mahali pa kutafuta murembe. Ukiuona wa kwanza utauona na wa pili. Jicho likishazoea, mwekundu ule haujifichi.

Nandi Hills mnaingia kwenye chai. Chai haibadiliki rangi mwaka mzima, na kwa safari hii ndiyo thamani yake: mwamba-ngoma mmoja mwekundu au mgrivea wenye maua ya dhahabu katikati ya ekari za kijani kilichokatwa sawasawa unaonekana kuliko miti mia porini. Mashamba makubwa ni mali ya watu, kwa hiyo ombeni kabla ya kuingia kati ya mistari. Pembeni ya barabara panatosha. Mjini kuna jumba la kumbukumbu ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba 1905. Wapeni wazee saa moja hapo. Laleni Nandi Hills au Kapsabet, na mbebe masweta ya kweli. Usiku wa Januari kwenye mita 2,000 si usiku wa Kisumu.

Siku ya pili tokeni Kapsabet kuelekea Chavakali. Hiki ndicho kipande cha musutsu. Barabara inateremka polepole, msitu wa Nandi Kusini uko upande mmoja kwa sehemu ya njia, kisha mnaingia Kaimosi, ambako Waquaker walianzisha misheni mwaka 1902. Hapa usitazame mbali. Tazama kingo za barabara na mipaka ya mashamba, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mwache mtu mwingine aendeshe kama wewe ndiye mwenye macho ya miti. Dereva mwenye kutafuta majani ni hatari kama dereva mwenye simu, na huku kuna matuta yasiyo na rangi wala kibao karibu kila penye shule au soko.

Mkiukuta mti wenye majani mengi ya machungwa, simameni upande wa kivuli. Namna ya kuutazama ni kinyume na tulivyozoea kupiga picha. Ua hulitazama jua likiwa nyuma yako. Jani la machungwa litazame ukiwa umeelekea jua, jani likiwa katikati, ili mwanga upite ndani yake. Jani lile lile ambalo upande wa jua linaonekana kahawia tu, likipitiwa na mwanga linakuwa kama kioo cha taa, na mishipa yake yote inahesabika. Kwenye simu gusa jani lenyewe kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo kwa kuvuta kidole chini. Simu ikiachwa peke yake itajaribu kung'arisha kivuli na kuifuta rangi. Wakati mzuri ni kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya mchana jua letu liko utosini, hakuna pa kulipata kupitia kwenye jani isipokuwa ulale chini ya mti. Vijana hulala, na picha hutoka nzuri.

Chavakali kunjeni kulia, mwende hadi Khayega, halafu kulia tena kwa Shinyalu mpaka Isecheno, upande wa kusini wa msitu wa Kakamega. Lipeni ada langoni na mchukue mwongozaji wa kijijini. Anajua mti gani umeanza kugeuka wiki hiyo, habari ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuwapa. Pale karibu na lango wazee wanaweza kukaa kivulini na kuwaona mbega bila kupanda popote. Wenye magoti wapande kilima cha Lirhanda, ambacho bado kina shimo la machimbo ya zamani ya dhahabu lililojaa popo. Juu yake unauona msitu kutoka kichwani. Huu ni mabaki ya msitu wa mvua wa jamii ya ule wa Kongo, na hautavaa nyekundu kwa ajili ya mgeni. Tafuta badala yake vichwa vya miti vyenye rangi ya shaba au waridi: mingi ya miti ya misitu ya mvua huanza jani changa likiwa jekundu, kisha huwa kijani linapokomaa. Ni Vermont iliyopinduliwa, wekundu wa kuzaliwa badala ya wa kufa. Huko Tabora, Tanzania, miombo hufanya hivyo hivyo kwa mapori mazima kabla ya mvua, lakini hiyo ni safari ya wiki.

Njia za ndani ya msitu ni za udongo mwekundu. Januari ni vumbi. Ikinyesha usiku uliotangulia, hata kidogo, acheni gari langoni na mtembee. Udongo ule ukilowa hushika tairi kama sabuni.

Mkirudi, pitieni Mbale hadi Majengo. Kutoka Majengo mnaweza kushuka moja kwa moja kwa Kiboswa, au mkunje kulia kwa Luanda mpaka Maseno, ambako kibao cha ikweta kiko kando ya barabara ya Busia. Kwa mtu aliyetoka digrii 44 kaskazini kibao hicho kinaeleza yote niliyoeleza juu kuhusu mchana. Kisha mnashuka Kisian na ziwa likiwa mbele yenu.

Miteremko yote miwili, wa Kiboswa na wa Kisian, ishuke kwa gia, si kwa breki. Weka 2, au B kama gari lako lina B, kabla mteremko haujaanza, mwendo ukiwa bado mdogo, na uache injini ilishike gari. Breki ziguse kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu kidogo mpaka mwendo upungue, kisha achilia kabisa zipoe. Anayeweka mguu juu ya breki kilomita tano mfululizo hupasha pedi moto mpaka zikateleza juu ya diski, na kama mafuta ya breki ni ya zamani yamenyonya unyevu, unyevu huo huchemka na pedeli inazama. Dalili ya kwanza ni harufu, kama ya kitambaa kilichoungua kwenye pasi. Ukiinusa, egesha papo hapo kwa dakika 20, na usimwage maji kwenye diski kwa sababu hupinda. Mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishe kabla ya safari. Ni kazi ya saa moja kwa fundi.

Mengine ya gari ni machache. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kutoka, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama kuna namba mbili, chukua ile ya gari lililojaa. Spea nayo ipimwe, maana ndiyo inayosahauliwa. Mafuta: kwa milima hii hesabu kilomita 11 hadi 12 kwa lita, yaani kama lita 20 kwa duara zima. Jaza Kisumu na hutalazimika kutafuta kituo njiani.

Sasa Oktoba, kama binti hana budi. Jakaranda asili yake ni Amerika Kusini, na huku hupukutisha majani kabla au wakati wa kuchanua, ndiyo maana mti mzima unaonekana zambarau tupu. Huchanua kuanzia Septemba, Oktoba ikiwa kileleni, na Novemba mvua zinapokaza maua huanguka na majani mapya kuchukua nafasi. Desemba uliyokwenda ulikuwa umechelewa kwa wiki sita hivi. Mti huu huchanua vizuri penye kipindi kikavu kabla yake, kwa hiyo Nakuru hukupa rangi nzito kuliko Kakamega yenye mvua nyingi. Zungukeni kwa miguu mitaa ya zamani ya Milimani asubuhi kabla ya kufagiliwa. Kuna mawili ya kuangalia chini: nyuki huingia ndani ya maua yaliyoanguka, basi hakuna kutembea peku, na maua yaliyolowa juu ya lami huteleza kama maganda ya ndizi, kwa hiyo pikipiki na gari vipunguze mwendo. Picha ya jakaranda ipigeni siku ya mawingu mepesi. Jua kali huifanya zambarau kuwa ya bluu iliyopauka.

Kutoka Kisumu ni kama kilomita 185 kwa kupitia Kericho. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja na wazee. Pumzikeni Chagaik, kilomita chache baada ya mji wa Kericho mkielekea Nakuru, kwenye bustani ya miti iliyopandwa miaka ya 1940 na mkulima wa chai Tom Grumbley; kuna bwawa lenye mayungiyungi na kivuli cha kutosha kwa chakula cha mchana. Piteni hapo kabla ya saa nane, kwa kuwa mvua ya mawe ya Kericho na Nandi, ambayo ni miongoni mwa zinazonyesha mara nyingi zaidi duniani, hupenda alasiri. Ikiwakuta, msikimbilie chini ya mti; egesheni na mgeuze gari ili kioo cha mbele ndicho kiikabili, kwa kuwa ni kigumu kuliko vya ubavuni na nyuma.

Baada ya Mau Summit kuna mteremko mrefu wa Sachangwan na Salgaa, ambako malori hupoteza breki kwa sababu zile zile nilizozieleza, ila yakiwa na tani 30 nyuma. Upiteni mchana. Acha nafasi ya sekunde nne mbele yako, usikae mbele ya lori mahali ambapo huna pa kuchepukia, na ukiona kwenye kioo lori linakaribia bila kupunguza, toka barabarani kwanza ndipo ujiulize. Hifadhi ya Ziwa Nakuru iongezeni kama mna saa tatu zaidi: migunga yake yenye gome la manjano ina rangi hiyo mwaka mzima, na ile iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipopanda ni picha ya aina yake. Malipo hufanywa kwa eCitizen, si taslimu, kwa hiyo lipeni mkiwa bado mna mtandao.

Wiki moja kabla ya kuondoka Januari, mpigie mtu unayemjua Kapsabet au Kaimosi, umuulize kitu kimoja: musutsu wa karibu naye umeanza kudondosha majani ya machungwa? Akisema bado ni kijani, sogezeni safari siku kumi. Binti yako ana majuma mawili.